Sahihi ya Mume

Mimi ndiye mume wa Mwalimu Nyangi. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishaanza kusimulia sipendi kukatizwa.

Ninaitwa Gati, mama wa watoto wawili wa kike, wote wameolewa, mjane tangu mwaka ule wa Uhuru. Kwetu huku Butiama mwanamke akibaki peke yake na mji wake, bila mtoto wa kiume wa kuurithi, haketi chini kulia. Anatoa ng'ombe, anaoa. Mwanamke anayeolewa anakuja kwenye nyumba hiyo, na watoto anaowazaa, na mwanamume yeyote atakayemchagua, ni watoto wa nyumba hiyo, wanaitwa kwa jina la mwenye mji. Nyumba kama hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Ni jambo la kawaida kabisa, kama kupalilia.

Nyangi nilimwoa alipomkimbia mwanamume aliyekuwa akimpiga. Baba yake alitaka kumrudisha kwa yule yule. Nyangi akaja mwenyewe uani kwangu, akasema, "Mama, nimesikia unatafuta mtu." Nikapeleka ng'ombe wangu kwa baba yake siku ya tatu, na sijawahi kujuta hata siku moja. Alikuwa amemaliza darasa la saba. Tulipata watoto watatu: Silasi, Nyamburi na Alfonce. Mimi wananiita bibi, lakini wakiulizwa ni wa nani wanasema, "Wa Gati."

Mwaka wa sabini na tano nilikuwa nasoma kisomo cha watu wazima. Nilikuwa mzito wa kalamu. Nyangi alikuwa ananifundisha nyumbani kwa mkaa, anachora herufi kwenye ukuta wa jiko, na mimi nafuata kwa kidole huku nagombeza ugali usiungue. Siku moja mwalimu wetu wa kisomo, Bi. Pelagia, akaja na karatasi ndefu. Akasema Serikali inatafuta walimu wengi upesi, na mkoa umeanzisha Fungu la Wazazi: mzazi mwenye kipato kidogo, aliyemaliza darasa la saba, anapelekwa chuo cha ualimu upande wa Bunda bila kulipa chochote, na watoto wake waliobaki nyumbani wanapata posho kila mwezi. Masharti ni kwamba asiwe amepita miaka ishirini na mitano, na mwenzake wa ndoa akubali kwa sahihi.

Nyangi alibakiza miezi mitano tu kuifikisha miaka hiyo. Aliikunja ile karatasi, akaiweka chini ya mkeka, na siku tatu nzima akawa anatia chumvi mara mbili kwenye mboga. Siku ya nne nikamwambia, "Lete hiyo karatasi kabla hujatuua kwa chumvi."

"Mama, watoto watatu," akasema. "Alfonce ananing'ang'aniaga kama kupe."

"Alfonce atanyamaza. Miaka yako haitanyamaza."

Tukaijaza pale pale. Penye jina la mume Nyangi akaandika Gati. Penye sahihi ya mume nikashika kalamu mwenyewe. Jasho lilinitoka. Herufi ya kwanza ilitoka na tumbo kubwa, ya mwisho ikaanguka chini ya mstari, lakini ilikuwa yangu, na hapakuwa na dole gumba hata moja kwenye karatasi ile. Mjumbe wa nyumba kumi akaisoma, akatia sahihi. Katibu wa kijiji akaisoma, akagonga muhuri. Kijiji kizima hakuna aliyeona tatizo. Wangeonaje? Wote walikula nyama siku ya harusi yetu.

Barua ikarudi baada ya mwezi. Nyangi ameitwa Musoma mbele ya kamati, Alhamisi asubuhi, yeye na mumewe. Nikavaa kanga yangu mpya, kwenye pembe nikafunga vitu nilivyoona vitafaa, tukapanda lori la pamba hadi mjini, tukalala Mukendo kwa binti yangu Dafroza. Watoto tulimwachia Pelagia.

Ukumbini watu walikuwa wamekaa wawili wawili, mke na mume, kwenye mabenchi. Mbele kulikuwa na meza na wanakamati watatu. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Stanislausi, mtu wa mkoa wa mbali, mpole, shati limenyooshwa hadi linakata. Kulia kwake alikaa karani, Ndugu Keraryo, kijana wa upande wetu huku huku. Wa tatu alikuwa mama mmoja mnene ambaye hakusema neno ila alikuwa na macho.

Waliotutangulia walikuwa Ursula na mumewe Clementi, wakulima kutoka Suguti. Ursula alijibu vizuri mpaka nikamwonea wivu kwa niaba ya Nyangi. Kisha mwenyekiti akamgeukia Clementi.

"Mkeo akienda chuoni miezi kumi na minane, nani atalea watoto?"

Clementi akamtazama mkewe.

"Mdogo ana umri gani?"

Akamtazama tena mkewe. "Ni mdogo," akasema. "Anatembeatembeaga."

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, maana niliuona uso wa Ursula. Wakaambiwa ombi lao limewekwa kando, warudi wakishajipanga. Ursula alipita mbele yangu akitazama sakafu. Nilitamani kumchapa yule mwanamume kwa kandambili.

"Nyangi, wa Butiama. Na mume, Ndugu Gati."

Tukasimama, tukaenda mbele. Mwenyekiti akatazama nyuma yetu kama mtu anayengoja wa tatu.

"Mumeo yuko wapi, dada?"

"Huyu hapa," Nyangi akasema.

Jamani, kicheko! Hata mlinzi wa mlangoni alishika ukuta. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kwa upole kwamba hapa ni ofisini, hakuna nafasi ya mizaha, na kuidanganya Serikali ni kosa. Ndipo nikaelewa. Siku zote hizo walikuwa wanamsubiri mwanamume. Nilijiona mjinga, mimi na mjumbe na katibu na muhuri wake, kijiji kizima cha wajinga.

"Keraryo," mwenyekiti akasema, "wewe ni wa huku. Jambo hili lipo?"

Keraryo alikuwa ameinamia makaratasi kana kwamba kuna sisimizi. Nikamjua mara moja: kijana aliyesoma, anayeona haya mila za kwao mbele ya wageni. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Lipo, mwenyekiti," akasema hatimaye. "Bibi yangu alioa. Watoto wa nyumba ile ndio walionilipia mimi shule."

Kicheko kikapungua. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilimwona anatafuta njia ya kutusaidia, na kweli alikuwa mtu mwema, siwezi kumsema vibaya.

"Basi tufanye rahisi," akasema. "Nikate hili jina, niandike hana mume. Fomu inakubali. Dada huyu alifaulu vizuri darasa la saba, nafasi yake anaipata leo hii."

"Andika, baba," nikasema haraka. "Andika hivyo hivyo. Mimi sina neno."

Na sikuwa nalo. Nilichotaka mimi ni Nyangi aende. Jina langu lingekatwa mara kumi, ningerudi nyumbani nikale ugali wangu. Nilikuwa nimeshageuka nusu.

"Asiandike," Nyangi akasema.

Nikamkanyaga mguu. Hakusogea.

"Ndugu mwenyekiti, nisamehe. Nilikuwaga na mume mwingine, alinivunja mkono huu. Nyumba niliyopata ni ya huyu. Wanangu wanaitwa kwa jina lake. Mkilikata, mimi nitakuwa mwalimu, sawa, lakini wanangu watakuwa watoto wa nani? Na nikienda Bunda wanabaki na nani? Kwenye karatasi yenu hakuna mtu."

Nilikasirika, nakuambia. Nilikasirika kwa sababu miezi yake mitano ilikuwa imebaki mitatu, na yeye anaitupa hapo mezani kwa ajili ya jina la kikongwe. Na wakati ule ule nikajikuta nimeuondoa mguu wangu juu ya wake.

Mwenyekiti akanigeukia. "Haya, mama. Kama wewe ndiye mume, utajibu maswali ya mume. Watoto ni wangapi, na umri wao?"

Hapo sasa. Nikafungua pembe ya kanga, nikatoa kadi tatu za kliniki, nikazipanga mezani moja moja.

"Silasi, miaka saba, yupo darasa la kwanza, anaandikiaga mkono wa kushoto na mwalimu asimchape kwa hilo, nilishamwonya. Nyamburi, minne, hali samaki wadogo wa furu, anaogopa miiba, ila ukimchambulia sato anakula kama mtu mzima. Alfonce ana miaka miwili kasoro wiki tatu. Chanjo ya mwisho ilimtia homa siku mbili. Alalapo anashika sikio la mtu, akikosa sikio anapiga kelele."

Yule mama mnene akazivuta kadi, akasoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Wakiumwa?"

"Zahanati naijua. Nimembeba Silasi mgongoni hadi pale na pumu yake, mvua inanyesha."

"Na posho ikija itatumikaje?"

"Sare ya Silasi kwanza. Maziwa yapo, ng'ombe wangu wanakamuliwa. Mengine njoo uone mwenyewe, mlango wangu hauna kufuli."

Mwenyekiti alikuwa anajizuia kutabasamu. "Swali la mwisho tunawauliza waume wote. Unakubali mkeo aende asome, na wewe ubaki upike, ufue, uogeshe watoto?"

"Mwanangu," nikasema, "mimi nilianza kupika kabla mama yako hajakuzaa."

Safari hii walicheka wote, na kilikuwa kicheko kingine kabisa. Mabenchi ya nyuma wanawake walipiga vigelegele. Lakini mwenyekiti hakuwa amemaliza. Akageuza ile fomu, akaweka kidole penye sahihi.

"Na hii aliandika nani?"

"Mimi."

"Andika tena."

Akanipa kalamu na karatasi tupu. Nikafumba macho nikauona ukuta wa jiko letu, zile herufi za mkaa, na kidole changu kikifuata. Nikaandika. Ya kwanza ikatoka na tumbo lake, ya mwisho ikaanguka chini ya mstari kama kawaida yake. Mwenyekiti akaziweka mbili pamoja, akampitishia yule mama, naye akampitishia Keraryo.

Keraryo ndiye aliyechukua muhuri. Hakungoja kuambiwa. Aliugonga mpaka meza ikaruka.

"Amepata," mwenyekiti akasema. "Na jina la mume libaki lilivyo."

Nililia pale pale mbele ya watu, na sikujificha. Nyangi alinishika mkono, tukatoka nje kwenye jua la Musoma, tukanunua sato mkubwa kuliko uwezo wetu, tukarudi naye kijijini kwenye lori la pamba akinuka njia nzima. Hakuna aliyethubutu kulalamika.

Miezi kumi na minane si mchezo, siwadanganyi. Alfonce alishika sikio langu hata likachubuka. Posho ilichelewa mara mbili, nikaenda kwa miguu hadi kwa katibu kumkumbusha, na mara ya pili hakunisubiri nifike mlangoni, alitoka nayo mkononi. Nyangi alikuja likizo amekonda, akaondoka akilia, akarudi tena. Halafu siku moja alishuka kwenye basi na cheti ndani ya bahasha, akapangiwa shule ya kijiji chetu chetu. Siku yake ya kwanza kufundisha nilienda nikakaa dirishani na Alfonce. Alipogeuka kuandika ubaoni, herufi zake zilikuwa zile zile za ukutani kwangu. Nikazifuata kwa kidole hewani, nikasahau hata kumnyamazisha mtoto.

Mwaka ule ule fomu mpya za Fungu la Wazazi zilifika. Nyangi alinisomea. Penye sahihi ya mume palikuwa pamebadilishwa, sasa pameandikwa: *Sahihi ya anayebaki na watoto*. Nikamwambia asome tena, akasoma tena. Ukweli ni kwamba niliumia kidogo. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mume kwenye makaratasi ya Serikali.

Wiki ya pili yake, nikiwa nachambua mboga, mtu akapiga hodi. Alikuwa Clementi wa Suguti, yule wa "anatembeatembeaga", na vumbi hadi kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na fomu, na kwenye mfuko wa shati kadi za kliniki zikichungulia.

"Shikamoo, mama. Ursula anarudi mbele ya kamati mwezi ujao," akasema. "Safari hii nitabaki mimi na watoto. Nimekuja unielekeze ninavyopaswa kujibu." Akatoa kalamu, akajiweka tayari kuandika.

Nikamwambia airudishe kalamu mfukoni, anawe mikono, ashike mwiko.