Hewa Isiyotoka Kifuani kwa Mzee Chambuso

Jana mchana nilipitiwa na usingizi juu ya meza ninayosomea picha za vifua, nikaota nimeingia kwenye mapafu ya Mzee Chambuso kwa miguu, tena na viatu.

Mzee huyu amepiga brashi nyuzi za katani kiwandani miaka kumi na tisa, na sasa kifua kinambana. Kiwanda kilitaka neno langu tu: akiwa mgonjwa, aondolewe kwenye vumbi, akiwa mzima, arudi. Nilikuwa nimeshaandika "mapafu ya kawaida", nikaenda zangu kula wali.

Ndani kuna sakafu ya vigae. Mashine ya picha inapaza sauti: "Vuta pumzi. Bana." Vigae vyote vinajaa hewa na kuwa vyeusi, kama hewa inavyoonekana pichani; vinafanana, vinapendeza.

"Unaona?" nakiambia kigae nilichokikanyaga. "Hakuna ugonjwa hapa."

"Shikamoo, daktari. Mwambie mzee atoe pumzi."

"Marahaba. Mashine imeshasema."

"Mashine inajua kuvuta na kubana tu. Kutoa mpaka mtu akumbuke kumwambia mgonjwa."

Naudhika. Kigae kinanifundisha kazi! Napiga kelele: "Toa pumzi!" Hewa inapita miguuni mwangu ikiaga kwa adabu. Vigae vingi vinapauka. Vichache vinabaki vyeusi tii, pamoja na hiki changu.

"Ninyi mlio humo ndani mbona hamtoki?"

"Vijia vyetu vimeziba. Mimi ni hewa ya juzi. Mwenzangu huyu ni wa Jumatatu."

Mara tuko mapokezi. Hewa imejaa kwenye mabenchi, na mimi ndiye karani wa dirishani.

"Leo tutaitwa?" inauliza ile ya Jumatatu.

Nafungua daftari. Kwa mwandiko wangu mwenyewe limeandikwa: hakuna anayesubiri. Nalia. Nalia kwa aibu, maana najua nilikuwa na njaa na nilitaka kumaliza.

"Usilie sana, daktari. Unavuta pumzi nyingi, na humu hatuna nafasi."

Niliamka mate yamelowesha meza. Kwenye kompyuta kulikuwa na fungu la pili la picha za mzee, alizopigwa akiwa ametoa pumzi. Sikuwa nimelifungua. Nikalifungua. Mapafu yalikuwa yamepauka, na ndani yake mabaka meusi ya hewa iliyogoma kutoka.

Nikampigia Zawena, mpiga picha wetu. "Yule mzee wa katani yuko wapi?"

"Ameshachukua majibu, daktari. Alivyofurahi! Kasema anawahi zamu ya jioni."