Usingizi Ulioondoka na Kitanda

Jumamosi saa nne asubuhi mpambaji wa nyumba alifika kwa mama yake akiwa na fundi seremala aitwaye Msasa, wakabeba kitanda cha mbao nzito ambacho mama alikuwa amekilalia miaka arobaini. Hakukiiba. Alileta kingine kipya, godoro lake bado limo kwenye nailoni. Mama alikuwa ameshakunja shuka na kufagia uvungu.

"Hapa usiguse," mpambaji alimwambia Msasa, akionyesha ubao wa kichwani, pale mafuta ya nywele za mama yalipoacha doa jeusi linalong'aa. "Hakuna kukwangua, hakuna vanishi. Uzuri wake wote uko hapa."

"Basi nibadilishe jina," alisema fundi.

Mpambaji alikuwa na jicho hilo tangu utotoni. Vitu vipya vilimchosha. Nyumba za wateja wake alizijaza michoro isiyopitwa na wakati na meza zilizolika pembe, na watu wakiingia humo walishusha sauti wenyewe bila kuambiwa. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii aangalie jicho hilo linatua wapi.

Usiku ule mama hakulala. Wala uliofuata. Siku ya tisa akampigia simu mwanawe.

"Siumwi," alisema. "Usingizi wangu umeondoka na kitanda, basi. Hebu ulizia huko kama umefika salama."

Mpambaji akaulizia. Kitanda kilikuwa kwa mteja wake, daktari wa meno, kwenye chumba chenye ukuta wa rangi ya majivu na mchoro mmoja tu, wa mapera matatu. Mke wa daktari alipokea simu huku akipiga miayo.

"Umefika, dada. Miaka mitano nimelala kwa vidonge, sasa nachelewa kazini. Kitanda chenu sirudishi, nisameheni. Tatizo ndoto tu. Kila siku natafuta kitoto cha kike kimechelewa kutoka shule, kina kovu juu ya jicho. Naamka nimemkaba daktari kola, namuuliza madaftari yako wapi."

Mpambaji aligusa kovu lake. "Anapatikana?"

"Anapatikana. Ila ananitoa jasho."

Mpambaji alipomfuata karakanani, Msasa alieleza bila kuacha kupiga randa. Usingizi umo kwenye lile doa. Ukilikwangua, ukauchukua unga wake na kuushonea ndani ya mto, mama analala siku hiyohiyo.

"Kazi ya nusu saa," alisema.

"Na ubao utabaki mweupe?"

"Kama mfupa."

Mpambaji alimpenda mama yake, hilo hakuna aliyewahi kulibishia. Lakini aliuona akilini ule ubao mweupe chini ya yale mapera, akaona chumba kizima kimeharibika.

"Tutafute njia nyingine," akasema.

Njia nyingine ilikuwa Jumatano na Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Mpambaji alimpeleka mama kwa gari. Mke wa daktari alimvua viatu, akamfunika, kisha akakaa mlangoni kuwanyamazisha watoto. Kwa masaa mawili mama alikoroma kwa adabu. Daktari, mtu aliyezoea kelele za mashine kutwa, alitembea kwa soksi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Umelala, mama?" mpambaji aliuliza alipokuja kumchukua.

"Nimelala, mwanangu. Leo umenichelewesha. Nimekukuta umesimama kwenye dimbwi, soksi zote tope."

"Pole, mama."

"Si kitu. Nimekubeba mgongoni."

Masaa mawili, mara mbili kwa wiki, si usingizi wa kumtosha mtu. Mama alikonda, macho yakaingia ndani. Lakini hakulalamika, na kila aliyeulizwa alisema mpango umekaa vizuri.

Mwezi wa tatu wa mpango huo, walipotoka huko, mpambaji alisimama sebuleni kwa mama akakiangalia kiti kilichokuwa karibu na mlango. Ndicho mama alichokalia kila jioni kusubiri: mume, watoto, barua, habari za hospitali. Mbao za kuwekea mikono zilikuwa zimelika mpaka zimefuata umbo la viganja vyake.

Mama aliliona lile jicho. "Mteja gani huyo?"

"Mzee mmoja, kafiwa na mkewe. Hatulii dakika, mama. Anazunguka nyumba nzima kama kapoteza funguo."

"Masikini wa Mungu. Na mimi utaniletea kingine?"

"Kipya kabisa."

Mama alichukua kitambaa kibichi, akapiga magoti, akaifuta miguu ya kiti mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayemnawisha mtoto kabla ya safari.

"Mwambie Msasa akishike kwa chini," alisema. "Huku juu kimelegea."

Kiti kikaondoka. Jumatatu yule mzee alikaa tangu asubuhi akiutazama mlango wake, ametulia kabisa, akisubiri bila kujua anamsubiri nani. Mama alijimiminia chai, akainywa hapohapo ikiwa inachemka, bila kuisubiri ipoe, akaungua ulimi. Akamimina nyingine, akainywa vilevile.