Kipande cha Mzee Josephat

Obadiah alipanda hadi Mgange, kijijini kwao milimani, kutoka Voi akiwa na neno moja tu la kusema, na alitaka kulisema mapema ili awahi basi la kurudi. Ilikuwa mwaka wa 1978. Baba yake, Mzee Josephat, alikuwa amefariki zamani, na sasa mama yake Tryphena naye alikuwa amelala kando yake, chini ya migomba. Shamba lilibaki bila mtu. Obadiah alifanya kazi katika karakana ya reli, mkewe Mutindi aliuza vitambaa sokoni, na nyumba waliyojenga Voi ilikuwa imeshaezekwa mabati. Wawili hao walikuwa wamekubaliana kwamba zamu yao ya maji huku milimani irudishwe kwa wenzao.

Maji hayo yalikuja kwa mfereji uliochimbwa na mababu. Ulitoa maji kwenye kijito cha juu ukayashusha shamba baada ya shamba, kila nyumba kwa zamu yake. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, wenye zamu walitoka pamoja kuusafisha, na kila nyumba ilikuwa na kipande chake. Nyumba isiyotoa mtu siku hiyo hupoteza zamu. Na asiye na zamu haitwi tena kwenye kazi. Hilo la pili Obadiah hakulifikiria sana alipokuwa Voi.

Alipitia nyumbani kwanza. Mlango uligoma, kama ulivyogoma tangu alipokuwa mtoto. Aliunyanyua kidogo kwa bega, akausukuma, ukafunguka. Bega lilikuwa limefanya hivyo lenyewe kabla hajakumbuka, naye akafurahi kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyeutengeneza. Ndani palikuwa na baridi ya milimani, ile ya kumfanya mtu atafute koti mchana. Sufuria za mama yake zilikuwa zimefunikwa mdomo chini kama alivyozipanga mwenyewe. Aliinua moja, akaitazama, akairudisha palepale.

Kisha akateremka mferejini, ambako wenye zamu walikuwa kazini, kwani ilikuwa siku ya kusafisha. Alitarajia kukuta kipande chao kimemezwa na nyasi, na alikuwa ameshatayarisha maneno ya kuomba radhi. Lakini kingo zilikuwa zimekatwa vizuri na maji yalipita bila kuzuiwa. Mama mmoja alikuwa ameinama ndani ya mfereji akichota tope kwa jembe. Alikuwa Jedidah, mjane ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kule chini.

Jedidah alimsalimu bila kusimama wima. Alimuuliza habari za Mutindi na watoto, akataka kujua kama ni kweli kwamba Voi watu hulala milango wazi kwa joto. Obadiah alimjibu yote, ndipo akauliza ni nani aliyekuwa akisafisha kipande chao tangu mama afariki.

“Si unaniona?”

“Mama, sijui nikushukuru vipi.”

“Kwani ulidhani nakufanyia wewe?” Jedidah alijinyoosha, akashika kiuno. “Maji yangu yanapita kwenu. Nyasi zikiota hapa, mimi nakunywa tope. Wenzetu wakanihesabu kama mtu wa nyumba yenu, nikawaacha wahesabu. Kama una shukrani, shika hili jembe. Mgongo wangu umechoka.”

Obadiah alivua viatu vyake vya mjini akaingia. Maji yalimkata miguu kwa ubaridi. Watu wa vipande vya jirani walimwona, wakaanza kumtania: wakamwomba asipulize firimbi, wakamuuliza kama tope la Mgange lina mafuta kama la karakana. Aliwaacha wacheke. Viganja vyake, vilivyozoea spana, vilianza kutoka malengelenge, maana jembe lina namna yake.

Kwenye mchepuko wa kuingizia maji shambani kwao alilikuta jiwe. Baba yake alikuwa akizibia tundu la mchepuko huo, na kazi ya Obadiah ilikuwa kulikalia ili maji yasilisukume. Siku hizo aliliona kubwa kama ng'ombe aliyelala. Sasa liliishia chini ya goti lake. Alikata jani pana la nduma, akalikunja, akanywa maji kama walivyokuwa wakinywa wakati huo. Yalikuwa na ladha ileile ya mizizi. Alikunywa mara ya pili, ingawa kiu ilikuwa imekwisha.

Jedidah alimletea kimanga kwenye bakuli, viazi vilivyopondwa na maharagwe. Walikuwa bado wanakula pale Zephaniah, mwenyekiti wa mfereji, alipofika akikagua vipande. Alikuwa amesoma na Obadiah darasa moja.

“Bwana Reli,” alisema, “bila shaka umekuja na neno.”

Wengine walisogea kusikiliza. Obadiah aliweka bakuli chini. Lile neno alilolibeba kutoka Voi lilikuwa fupi, na nusu yake bado ilikuwa kweli: hakuwa na mahindi ya kumwagilia wala hangekuwa nayo.

“Maji yetu mpeni Mama Jedidah,” alisema. “Lakini kipande niachieni. Nitakuwa nakuja kukisafisha.”

Zephaniah alimtazama kama asiyeelewa. Alieleza kwa upole kwamba mambo hayaendi hivyo. Kazi hufuata maji, na hapajawahi kuwa na nyumba yenye kazi isiyo na maji. Mtu mmoja alicheka, akasema hata serikali haijawahi kupata mtu wa namna hiyo.

“Basi sasa nyumba hiyo ipo,” alisema Jedidah.

Zephaniah alifikiri kidogo. Aliwauliza waliokuwepo kama kuna mwenye pingamizi, na hakuna aliyesema kitu. Akamwambia Obadiah atatumiwa habari siku ikipangwa, kama nyumba nyingine zote.

Basi la Voi lilikuwa limeshaondoka. Obadiah alirudi mferejini akamalizia sehemu iliyobaki. Alipomrudishia Jedidah jembe, mama huyo alilikagua makali, akalisugua tope kwa kidole gumba.

“Mwaka ujao uje na lako,” alisema. “Hili nitakuwa nalitumia.”