Mlango Namba 2575

Othusitse alikuwa fundi mwenzangu wa mitandao pale Francistown, Botswana. Tulikaa meza moja miaka sita, tukiangalia mtandao wa zahanati za vijijini. Alikuwa mtu wa polepole, mpenda mzaha, na katika kazi sikuwahi kumwona akizembea. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewasikia watu wakimsema vingine.

Jumanne moja ya Agosti, saa nne asubuhi, alipiga simu Sista Seipati wa zahanati moja upande wa Bobirwa. Akapokea Othusitse, wakaitana Rra na Mma, yaani bwana na bibi, kama ilivyo desturi ya kwetu.

"Rra, majibu ya maabara hayaingii tangu jana. Nina mgonjwa hapa, mzee Gaolathe, yule mstaafu wa reli. Damu yake ilichukuliwa jana."

"Maabara umewapigia?"

"Simu inaita tu, hakuna anayepokea."

"Ngoja nitazame, Mma."

Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Akaandika telnet, jina la seva ya maabara, na namba ya mlango wa huduma inayogawa majibu, 2575. Papo hapo yakatokea maandishi: imeunganishwa.

Hapo kazi ilikuwa imefika nusu tu, na kila fundi analijua hilo. Mlango ukifunguka, ujue njia ipo. Kama programu iliyo upande wa pili iko hai au imeganda, hujui mpaka uiandikie ujumbe wa majaribio ungoje ikujibu. Ni mistari mitatu. Othusitse alikuwa ameshaweka vidole aanze, ndipo nikaingia mimi na mfuko wa magwinya, yale maandazi ya kwetu, bado yanachuruzika mafuta.

"Wewe, njoo kabla Tiro wa meza ya jirani hajayamaliza. Unamjua yule, hana breki."

"Nakuja. Nimalizie hii."

"Imeunganishwa?"

"Imeunganishwa."

"Basi unatafuta nini tena? Unataka ikubusu?"

Akacheka. Akafunga dirisha, akampigia sista. "Mma, huku kuko sawa. Labda maabara bado hawajamaliza kupima."

Sista aliamini. Akamwambia mzee Gaolathe aende nyumbani apumzike, arudi kesho.

Maabara walikuwa wamemaliza tangu alfajiri ile ile. Majibu yalisema figo za mzee zimeshindwa kazi, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Yalilala ndani ya ile programu iliyoganda, mchana kutwa na usiku kucha. Jumatano, kabla jua halijachomoza, mzee akafa kitandani kwake.

Saa sita mchana maabara waliiwasha upya seva yao, na majibu arobaini na saba yakamiminika zahanati kwa mkupuo. Sista Seipati akapiga tena simu.

"Yameingia, Rra," alisema. "Ya mzee Gaolathe nayo yamo. Tumempoteza leo asubuhi." Hakusema neno la lawama. Alikata simu taratibu.

Mkuu wetu, Mma Kelebonye, aliandika ripoti: hitilafu ya kiufundi. Othusitse akaingia ofisini kwake.

"Andika na jina langu, Mma."

"La nini? Seva iliganda yenyewe, hukuigandisha wewe."

"Nilisema iko sawa."

"Othusi, labda hata hospitali wasingemwokoa."

"Labda wangemwokoa," akasema. Ripoti ilikwenda bila jina lake.

Jumamosi tulikwenda mazikoni, yeye na mimi. Watu waliporudi kutoka makaburini, wanaume wakaanza kupakua nyama kwenye masufuria ya miguu mitatu. Othusitse akaomba kumwona mjane. Nilibaki mlangoni. Mama Gaolathe alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, blanketi mabegani, wanawake wamemzunguka. Othusitse akapiga magoti.

"Mama, ni mimi niliyemwambia sista kwamba mtandao uko sawa. Haukuwa sawa. Sikupima mpaka mwisho."



"Ingekuchukua muda gani, mwanangu?"

"Dakika moja."



"Heri ungenidanganya," mama akasema. "Ungesema siku nzima."

Othusitse akaanza kulia. Mama hakumgusa, wala hakumfukuza. Alijivutia blanketi, kisha akasema, "Toka nje ukale. Mtu wa mbali haondoki hapa na njaa."

Hakula. Alikunja mikono ya shati la mazishi, akajiunga na vijana waliokuwa wakisugua masufuria, akasugua mpaka alasiri. Mimi nilisimama na sahani mkononi. Nilikuwa na langu la kumwambia yule mama. Mara mbili nilifika mlangoni, mara mbili nikarudi.

Njiani kurudi nilimwambia Othusitse, "Ni mimi niliyekuita."

"Wewe uliniita kula," alijibu, macho barabarani. "Aliyefunga dirisha ni mimi."

Desemba akaacha kazi. Sasa yuko kwenye kambi ya ng'ombe ya mjomba wake karibu na Tutume, anatengeneza pampu za visima. Tukizungumza kwa simu ni habari za mvua na ng'ombe. Ya ofisi haulizi, nami simwambii.

Mimi bado nipo pale pale. Kazi hunipeleka Bobirwa kila baada ya miezi michache, na nyumba ya Mama Gaolathe naijua, si mbali na barabara. Kila nikipita najiambia nitasimama safari ijayo. Ni mwaka wa pili huu.