Magoti ya Obiefuna

Jumamosi ya baraka ilifika, na kijana aliyetaka kumuoa binti yangu Orpha alikuwa amekataa kupiga magoti.

Kwetu Uvira binti hatoki nyumbani hivihivi. Yeye na mume wake wanapiga magoti mkekani, mzazi anawawekea mikono kichwani. Mume wangu Lambert alishakwenda kwa Bwana, kwa hiyo mikono ilikuwa yangu peke yangu. Na huyo Obiefuna, Mwigbo anayeuza vipuri vya magari kule mtaa wa Kensington, ni mrefu hata mlango wangu hapa ugenini Turffontein anauingia kwa kuinama.

Shemeji yangu Ignace alikuwa amevaa koti tangu asubuhi.

"Mama Orpha, akikataa, arudi Kensington kwake. Mwanaume gani huyu, magoti ya chuma?"

"Papa Ignace, subiri."

"Nisubiri nini? Hata kanisani! Sisi wote chini, yeye amesimama kama robot ya barabarani, ile taa ya magari."

Kweli, nilikuwa nimeliona hilo. Lakini nilikuwa nimeona pia kwamba akisimama vile, machozi yanamtoka. Mtu wa kiburi halii akiomba. Nikamwita jikoni, na Orpha aje atafsiri, maana Kiswahili cha kijana ni cha salamu tu.

"Mwanangu, wewe na magoti mna ugomvi gani?"

Nikaendelea kukoroga sombe, majani yetu ya muhogo. Halafu akaanza, polepole, Orpha akitafsiri.

"Babu yangu alikuwa mtu mkubwa kijijini, mwenye kofia nyekundu ya heshima. Mzungu wa serikali akataka vijana wakachimbe barabara bure. Babu akakataa. Askari wa mahakama wakampigisha magoti kwenye kokoto kutwa nzima, wake zake na watoto wakitazama. Aliporudi alisema, mwanaume wa nyumba hii hatapiga magoti tena, hata mbele ya Mungu."

"Na baada ya hapo aliishije na bibi yako?"

Jibu lilipokuja, Orpha alisita kabla ya kulitafsiri.

"Alimpiga, Mama. Alimpiga kwa sababu bibi aliona. Na baba yake Obiefuna naye alimpiga mama yake, ambaye hakuona kitu."

Hapo nikayasahau magoti. Nikaweka mwiko chini.

"Muulize: mji huu unaaibisha wageni. Siku utakapoaibishwa mbele ya binti yangu, utamfanya nini?"

Orpha hakuuliza. Alijibu mwenyewe.

"Mama, alishaaibishwa. Mwezi uliopita vijana fulani walimmwagia vipuri barabarani, wakamtemea mate, nikiwa hapo hapo. Tulipofika kwake alinawa uso. Halafu akaniambia ananionea haya. Halafu akachemsha chai."

"Basi?"

"Basi. Tukanywa."

Obiefuna alitutazama mmoja mmoja. Aliuliza tunasema nini. Hakuna aliyemwambia.

Tulirudi sebuleni. Akina mama wa kanisa walikuwa wameacha kuimba. Orpha akapiga magoti mkekani. Obiefuna akabaki amesimama, jasho linamtoka. Ignace akakohoa.

Nikavuta kigoda changu cha cherehani, nikapanda juu.

"Mama Orpha! Utaanguka!"

"Yeye hawezi kushuka, Papa Ignace. Basi mimi napanda. Orpha, simama, huko chini sikufikii."

Akina mama walificha vicheko kwenye vitenge. Mimi sikucheka. Nikawawekea mikono, nikafumba macho, nikaanza: "Ee Bwana, Mungu wa Lambert..."

Kigoda hicho mguu wake mmoja ni mfupi. Kiliyumba, nami nikayumba nacho. Kisha kikatulia kabisa, kama kimepigiliwa misumari, na mkono wangu wa kuume ukabaki hewani, bila kichwa chini yake.

Nikafumbua macho. Obiefuna alikuwa chini, amekishika kigoda kwa mikono miwili, magoti yote mkekani. Sijui kama alikuwa amejua. Alipojua, nilimwona akiyatazama magoti yake, halafu akamtazama Orpha, aliyekuwa anamwona. Hakuinuka.

Nikashuka taratibu. Nikapiga magoti na mimi, hapo hapo mbele yake, Orpha akashuka kando yetu. Nikawashika vichwa, nikaomba mpaka mwisho.

Ignace alifungua mdomo.

"Papa Ignace," nikamwambia, "sema amina."

Akasema.