Vijiti Tumboni mwa Meli

Haskett, msimamizi wa wachomeleaji, kimo chake chote kilikuwa kwenye kofia. Tangu uwanja ule wa Kalifornia uanze kuunda meli za mizigo za vita, hakuwahi kushika moto, alishika saa. Safari hii alitaka meli ishuke majini kwa siku tisa, maana uwanja wa jirani ulitumia kumi.

Odessa Pruitt, mchomeleaji, mjane kutoka Arkansas, alimtazama kama nzi aliyetumbukia kwenye maziwa.

"Bosi, mabamba hayajakutana hapa. Kidole changu kinapita."

"Jaza vijiti vya kuchomelea humo, pitisha moto juu, twende."

Yaani vijiti vilazwe ufani kama kuni, juu vipakwe chuma kidogo! Kwa macho, mshono. Kwa bahari ya barafu, karatasi.

"Sifanyi."

"Mama wee, juzi ulikuwa unachuma pamba, leo unanifundisha meli?"

"Hata kwenye pamba tulikuwa nao, wanaotia mawe guniani. Kumbe wamehamia huku."

Haskett akamwita mwingine, ufa ukajazwa. Delmar, mwana wa pekee wa Odessa, alikuwa amepangiwa meli hiyohiyo, kuchochea tanuri hadi kaskazini kwenye barafu.

Asubuhi akapita mkaguzi wa serikali, Haskett nyuma yake, meno yote nje.

"Mshono safi huu, mzee."

"Kitendawili!" Odessa akadakia.

Mkaguzi akasimama, akacheka. "Tega."

"Bibi harusi kavaa hariri, tumboni kala kuni."

"Mh! Hapo umenishinda, mama."

"Nipe mji."

"Haya, chukua Sakramento."

"Nimeshiba. Jibu hili hapa." Akaweka patasi kwenye mshono, akapiga nyundo mara tatu. Ngozi ikabanduka. Vijiti kumi na kimoja vikamwagika kwenye viatu vya Haskett.

"Hivyo... hivyo ni vya kuimarisha!"

"Kaimarishe kaburi lako," mtu akasema, uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mkaguzi akachora msalaba wa chaki kwenye kila mshono uliopitishwa na Haskett. Yote ikafunguliwa, ikachomelewa upya. Meli ilishuka siku ya kumi na saba.

Majira ya baridi ikaja barua ya Delmar: "Mama, barafu imetupiga, meli imelia usiku kucha, haikufunguka."

Odessa aliisoma akipita langoni. Haskett ndiye aliyekuwa akifungua lango siku hizo, na saa yake mkononi.

"Umechelewa dakika mbili," akamwambia.

Odessa akaikunja barua, akaenda kazini.