Bakuli la Kuonja

Katika kantini ya kiwanda cha sabuni, wafanyakazi mia nne walimwita mpishi wao mkuu Bi Kipimo, na hawakumwita hivyo kwa mzaha. Kwa miaka ishirini na miwili chumvi yake haikuwahi kuzidi wala kupungua. Watu waligombana kuhusu zamu, kuhusu mpira, kuhusu nani kahamisha kiti cha nani, lakini mchuzi wa Bi Kipimo haukuwa na mpinzani. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kinachofika mlangoni kabla yake, na unene haukuwahi kumkosesha usingizi. Mpishi mwembamba, alizoea kusema, ni sawa na kinyozi mwenye nywele timtim.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa mdogo wake. Huyu alikuwa kitinda mimba wa mama yao, mwalimu wa hesabu na sayansi, na nyumbani wote walimwita Mwalimu hata kabla hajaajiriwa, kwa jinsi alivyopenda kusahihisha watu. Figo zake zote mbili ziligoma. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa akilazwa mara tatu kwa wiki kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila alipotoka alikuwa amepauka kama chaki zake. Ndugu watano wakapimwa. Aliyefaa kumpa figo akawa Bi Kipimo peke yake, naye akafurahi hata akacheza mbele ya daktari. Daktari alimwacha amalize kucheza, kisha akampandisha kwenye mizani.

"Tisini na saba," akasema daktari. "Figo yako ni nzuri, mama. Ila kwa uzito huu na presha hii siwezi kukupasua, nitakuhatarisha wewe. Niletee tisini au chini yake. Nafasi yenu ni baada ya miezi mitatu. Ikipita, sijui mtapata nyingine lini."

Kwa hiyo figo ipo, mwenye kuitoa yupo, mwenye kuipokea yupo, na kilo saba zimekaa mlangoni zimekunja nne.

Mtaalamu wa lishe alimpa kijitabu ambacho kila chakula kilikuwa na namba yake. Yai, kalori sabini. Kijiko cha mafuta, mia na ishirini. Alitakiwa asizidishe elfu moja na mia nne kwa siku, na kila kinachoingia kinywani kiandikwe. Bi Kipimo alikigeuza kile kijitabu huku na huku kama mtu aliyepewa barua isiyo yake.

"Hizi namba wamezitoa wapi?" alimuuliza mdogo wake. "Yai nimelivunja maisha yangu yote, sijaona namba ndani."

Mwalimu alichukua karanga moja, akaichoma pini, akaisimamisha juu ya kipande cha kiazi na kuiwasha kwa kiberiti. Bi Kipimo alidhani itazima mara moja. Haikuzima. Iliwaka kwa mwali wa manjano uliosimama wima, na Mwalimu akashika juu yake kijiko cha maji kwa koleo. Maji yakatoa mvuke, yakaanza kuchemka, na karanga ilikuwa bado inawaka.

"Hiyo ndiyo kalori," Mwalimu akasema. "Moto. Wanachoma chakula na kupima kimepasha maji kiasi gani. Mwilini mwako pia kinaungua, polepole tu."

Bi Kipimo alikaa kitako. Alikuwa amepika juu ya moto tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba moto mwingine ulikuwa ndani ya sufuria. Tangu siku hiyo kijitabu kile alikiheshimu. Alipima mkate kwenye mizani ya jikoni, akahesabu vijiko vya wali, akasukuma pembeni keki ya kumuaga mfanyakazi mwenzao aliyestaafu, na kila kitu akakiandika kwenye daftari. Kila Jumapili Mwalimu alijumlisha kwa kalamu nyekundu. Elfu moja na mia tatu tisini. Elfu moja na mia nne kamili. Daftari lilikuwa safi kama la mwanafunzi bora.

Baada ya wiki sita akapanda mizani. Tisini na sita.

Mtaalamu wa lishe alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliochoma. "Mama, watu wengi husahau kuandika kitu kimoja viwili," akasema.

"Mimi sisahau."

"Sisemi kwamba unadanganya."

Lakini alikwisha kusema. Bi Kipimo akayapokea maneno hayo, akafunga daftari, akaenda zake. Pigo lenyewe lilimngoja nyumbani. Mwalimu alimtengea kiti, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, figo ni yako. Kama moyo haujakubali, niambie tu. Sitakulaumu hata kidogo."

Alilia siku ile. Alilia kwa sababu aliona wazi kwamba mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni, alikuwa anafikiri dada yake anakula kwa siri ili asimpe figo. Na ushahidi wote ulikuwa upande wa mdogo wake.

"Njoo kantini kesho," akamwambia. "Njoo ukae, unichunge tangu asubuhi mpaka nifunge jiko. Ukiniona nakula, usinisalimie tena."

Mwalimu akaja kweli, maana haikuwa siku ya mashine. Akawekewa kigoda karibu na masufuria makubwa. Bi Kipimo akafunga aproni, akatia kijiko chake mfukoni kama kawaida, akaanza kazi. Maharage, nyama, kabichi, wali, supu ya wagonjwa wa tumbo. Alikuwa amejaa hasira, na hasira humfanya mpishi afanye kazi haraka. Haukupita muda akamwona Mwalimu ameinuka, ameazima kijiko kinacholingana na chake, anachota mchuzi na kuutia kwenye bakuli.

"Unachota nini?"

"Endelea na kazi, dada."

Akaendelea. Kila alipogeuka, Mwalimu alikuwa anachota. Mara kwenye maharage, mara kwenye nyama, mara kwenye supu. Bakuli likajaa, akatafuta la pili. Msaidizi wa jikoni, mama wa makamo aliyeitwa Mama Mapacha kwa sababu alizaa pacha mara mbili, alidhani ugonjwa umempanda mgonjwa kichwani.

Watu walipokwisha kula na masufuria kuoshwa, Mwalimu aliweka yale mabakuli mezani.

"Hiki ndicho ulichokula leo, dada."

"Mimi sijala kitu. Nimekunywa chai kavu, imo daftarini."

"Ndicho ulichokula ukiwa hujala. Kila ulipoonja, nilichota kijiko kimoja kama chako, kwenye sufuria ileile. Mara sitini na moja."

Bi Kipimo alimtazama Mama Mapacha. Mama Mapacha akatazama dari. Yeye alikuwa ameona vijiko vile kila siku ya kazi, akavihesabu kuwa sehemu ya upishi, kama kukoroga. Na Bi Kipimo vilevile. Hajawahi mpishi kusema amekula kwa sababu ameonja, kama ambavyo fundi cherehani hasemi amevaa nguo ya mteja kwa sababu ameijaribisha mkononi.

Walipima. Gramu mia tisa na kumi na tano. Mwalimu akafungua kijitabu, akapiga hesabu. Kalori elfu moja na mia moja, na kidogo juu. Haba na haba hujaza kibaba, kila mtoto wa shule anaijua, ila hakuna anayeambiwa kwamba kibaba chenyewe ni tumbo.

"Siku mia tatu kwa mwaka," Mwalimu akaendelea, maana akianza hesabu hana breki. "Miaka ishirini na miwili." Akarudia kupiga. "Tani sita, dada."

"Sita?"

"Lori zima."

Bi Kipimo alingoja aibu ije, haikuja. Kilichokuja kilikuwa kikubwa kuliko aibu, kikamfanya ashike ukingo wa meza. Aliutazama mkono wake wa kulia, mkono wa kawaida wenye kovu la kisu, akastaajabu. Mkono huu ulikuwa umebeba lori la chakula, kijiko kwa kijiko, mpaka kinywani, na yeye mwenye mkono hakuarifiwa.

"Nilikufikiria vibaya," Mwalimu akasema.

"Ulinifikiria vibaya. Na mimi ningeapa mbele ya hakimu kwamba sijala. Tusameheane, twende kazini."

Zilibaki wiki sita na kilo sita. Mwalimu alisema vijiko vile vikikoma, vitaondoa kilo moja kwa wiki. Hesabu iliingia, bila hata punje ya akiba. Mtaalamu wa lishe, aliyeomba radhi mara mbili, alimshauri aonje kisha ateme. Bi Kipimo alijaribu mara moja, akashindwa. Alikulia kwa mama ambaye chakula hakitemwi mbele yake, na mama alikuwa na mkono mzito. Basi akamkabidhi Mwalimu kile kijiko.

Siku ya kwanza bila kijiko chumvi ilizidi, na mfanyakazi mmoja akauliza kwa adabu kama sabuni imedondokea sufuriani. Watu mia nne walicheka. Bi Kipimo alitamani ardhi ipasuke immeze. Jina alilolijenga kwa miaka ishirini na miwili lilianguka kwa chakula kimoja cha mchana, akaliacha lianguke. Kesho yake akauazima ulimi wa Mama Mapacha.

"Inaonjekaje?"

"Nzuri."

"Nzuri si habari. Chumvi inakukuta mwanzoni, au inakuja ukishameza?"

Hivyo hivyo, wakafundishana. Na huku kinywa chake kikiwa hakina kazi, masikio yakaanza kufanya yao. Aligundua kwamba kitunguu chenye maji hupiga kelele mafutani, na maji yakiisha sauti hushuka mpaka ikawa mnong'ono, na hapo ndipo pa kutia nyanya. Aligundua kwamba maharage yaliyoiva hutokota kwa uzito, yasiyoiva hurukaruka. Siku nyingine alisimama katikati ya masufuria amefumba macho, anasikiliza kwa mshangao. Vyungu hivi vilikuwa vinasema naye miaka yote, na yeye alikuwa anatafuna.

Kufikia wiki ya nne wafanyakazi walikuwa hawacheki tena. Aliyelalamika alikuwa Mama Mapacha. "Bi Kipimo, wewe unapungua, mimi ndiyo naumuka. Mwisho figo yangu nayo itakataliwa."

Siku ya mwisho Bi Kipimo alipanda mizani bila viatu, bila hereni, bila kilemba, hata pini za nywele alizichomoa. Namba zilisitasita. Daktari akainama kuzisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Themanini na tisa, nukta nane, na presha imeshuka nayo," akasema. "Nenda kamwite mdogo wako."

Siku ya pili baada ya upasuaji, Bi Kipimo alishikilia ukuta, hatua moja moja, mpaka chumba cha mdogo wake. Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito, midomo imerudi rangi. Akaonyesha kwa kidole pembeni ya kitanda, ulipotundikwa mfuko wenye mrija. Tone lilidondoka, likafuatwa na jingine. Mwalimu alikuwa hajakojoa kwa mwaka na nusu.

Muuguzi alikuwa ameandika kiasi cha mkojo kwenye karatasi. Alisimulia kwamba figo ilianza kazi palepale kwenye meza ya upasuaji, kabla daktari hajashona. Walifungua mishipa, figo ikageuka kutoka kijivu hadi waridi, na mkojo ukaruka.

"Figo haikuuliza ni mwili wa nani," Bi Kipimo akasema.

"Haikuuliza," Mwalimu akajibu, huku machozi yakimtoka.

Bi Kipimo akavuta kiti taratibu, mkono mmoja ukiushikilia mshono, akakaa. Muuguzi alimwambia arudi kitandani, naye akasema atarudi. Hakurudi mpaka mfuko ulipojaa.